Ndeti na Ufa wa Ivia ya Nzuki

Ndeti Ndululu ana vidole vifupi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake hudhani ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya nyani. Sivyo. Ni mfupi, amejaa kifuani, na vidole vyake ni vinene kama viazi vitamu vya mwaka wa mvua chache. Vyangu ni virefu. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia vingefaa kupiga kinanda. Nimevitazama mara nyingi nikijiuliza vimenifaa nini.

Tulizaliwa msimu mmoja, mwaka wa 1955, yeye upande huu wa korongo na mimi upande wa pili, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Kalamba. Tulichunga mbuzi pamoja. Shuleni nilimshinda katika kila somo. Baada ya darasa la saba mimi nilikwenda shule ya bweni, yeye akarudi kwa baba yake, mzee Ndululu, aliyekuwa akirina asali ya miambani. Ungedhani basi, njia zetu zimeachana, kila mtu na lake. Lakini kila nilipokuja likizo, nyumba niliyoingia walinisalimu, wakaniuliza habari za masomo, na kabla sijamaliza kujibu wakaniuliza kama nimesikia alichofanya Ndeti. Ndeti ameteremka upande wa magharibi ambao baba yake mwenyewe aliuogopa. Ndeti amemtoa mwana-mbuzi wa mchungaji wa kanisa kwenye ukingo wa jiwe ambapo hata nyani hakai. Siku nilipoleta barua ya kuitwa chuo kikuu, wa kwanza katika kata yetu, mama aliilaza mezani, akaiwekea sahani juu isipeperuke, akasema, "Asante Mungu. Sasa kimbia kwa kina Ndeti ulete asali, tutapata wageni."

Nikakimbia. Nikaleta asali. Wageni wakaja kunipongeza, wakala, wakaisifu asali.

Jiwe linaloleta maneno yote haya ni Ivia ya Nzuki, yaani jiwe la nyuki. Limesimama nyuma ya mashamba yetu kama ukuta wa nyumba ambayo haikumalizwa, urefu wa futi mia mbili na hamsini hivi, jeusi palipopitwa na maji na jekundu kwingine. Nyuki wamekaa kwenye matundu ya kulia na ya kushoto. Katikati kuna ufa mmoja unaoanza chini kabisa na kwenda juu bila kukatika. Ufa huo haukuwa na nyuki, na warina asali hawapandi, hushuka kutoka juu kwa kamba, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuupita.

Katika ukoo wa Ndululu kushika kamba hakukuwa kazi ya mtu yeyote tu. Kamba ya mkonge ya mtu aliyeoa ilishikwa na ndugu wa mke wake. Ndugu yako wa kuzaliwa, walisema, ana shamba la kurithi ukianguka. Rafiki ana hili na lile. Lakini ndugu wa mke wako hataki dada yake arudi nyumbani mjane na watoto. Tena kulikuwa na swali. Kabla ya kuanza kushuka, mwenye kwenda humwuliza mwenye kushika: "Una neno nami?" Kama una kinyongo naye, hata kidogo, ukiseme hapo hapo mbele ya waliopo, na kikishasemwa kimekwisha. Kama huna, unasema "Sina," na kuanzia hapo uhai wake uko mikononi mwako.

Mzee Ndululu alikufa kitandani mwake mwaka wa 1975, na kwa mtu wa kazi ile hiyo ni sifa kubwa. Mwaka uliofuata Ndeti alimwoa dada yangu Muthoki. Sikuulizwa. Niliambiwa kwa barua, nikiwa bwenini Nairobi. Nikawa shemeji wa Ndeti, na kwa desturi yao, mshika kamba wake.

Huko Nairobi mimi pia nilikuwa nimeanza kupanda miamba. Nilijiunga na klabu ya wapandaji ya chuo mwaka wangu wa kwanza, na nitasema wazi kwamba sikuwa nimefuata mchezo. Nilikuwa nimefuata jambo moja: kwenda mahali ambapo Ndeti hayupo na kufanya kile anachofanya Ndeti.

Klabu ilikuwa dunia yake. Jumamosi tulipanda lori saa kumi na mbili asubuhi, na tukifika mwambani, mwenye gari na asiye na viatu walikula mkate mmoja. Mtu aliyekuwa akinidharau bwenini alinikabidhi kamba yake bila kusita. Kulikuwa na kamba za nailoni, pete za chuma zinazofungika, vipande vya chuma vyenye waya vya kukwamisha kwenye nyufa ili ukianguka vikuzuie, na viatu vya raba laini vinavyobana vidole hadi utokwe machozi. Na kulikuwa na kitabu. Kila njia mpya iliandikwa humo: aliyeongoza, aliyemfuata, tarehe, na jina ambalo yule wa kwanza ameipa njia. Neno la mtu lilitosha. Hakuna aliyekagua. Ukidanganya na ikajulikana, hakuna atakayekushikia kamba tena, na mpandaji asiye na wa kumshikia kamba ni mtembeaji tu.

Niligeuza kurasa zile nikaona moto. Njia zaidi ya mia mbili, kwenye miamba ya nchi hii, na majina karibu yote ya watu waliokuja juzi kwa ndege, waliozipa njia zetu majina ya mbwa wao na baa zao. Nilisimama kwenye mkutano nikasema kwamba jiwe lililokaa mbele ya mlango wa nyanya yangu tangu dunia iumbwe halisubiri mgeni aje kulibatiza. Walinipigia makofi. Bado naamini kila neno nililosema siku ile. Lakini nilipokuwa nikisema "sisi", machoni pangu nilikuwa namwona mtu mmoja tu juu ya Ivia ya Nzuki, na mtu huyo alikuwa na vidole virefu. Hata jina nilikuwa nalo tayari. Ule ufa ungeitwa Mwamko.

Agosti 1979 nilikuja nyumbani na Jabiri Shee, katibu wa klabu, kijana wa mjini Kitui ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka la vitambaa. Jabiri ndiye aliyebeba kitabu. Ndiye pia rafiki yangu mkubwa, na mdomo wake haukuwa na kizuizi.

Ijumaa yote nilijaribu ufa. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha, kama futi mia na ishirini kutoka chini, jiwe linachomoza nje na ufa unakuwa mwembamba. Jabiri alipaita Kitambi. Nilifika Kitambini mara tatu na mara tatu nilianguka, kamba ikanidaka, nikabaki nikining'inia kama nguo iliyoanikwa.

Ndeti alikuja saa tisa na jembe begani, akachuchumaa, akatazama.

"Shemeji," akasema niliposhushwa, "mbona unashika jiwe kama linataka kukutoroka? Halina miguu hilo."

Jabiri akacheka hadi akakaa chini. "Umesikia, Mutunga? Miaka mitatu tumekufundisha Nairobi, na hakuna aliyekwambia hivyo!"

"Pale juu nani anakusukuma?" Ndeti aliendelea, kwa upole, jinsi mtu anavyouliza bei ya mbegu. "Naona unarudi nyuma kabla hujaanguka."

"Hakuna anayenisukuma."

"Basi ni hicho kiatu. Hakisikii kitu. Wacha nijaribu kesho."

Nilimpa sababu. Nilisema kuna sheria za klabu. Nilisema hajui kutumia vipande vya chuma. Nilisema Muthoki ana mimba na si vizuri. Jabiri alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sheria za klabu ninazo mimi mfukoni, bwana, na hiyo haimo. Ndugu Ndeti, njoo asubuhi. Vyuma nitakuonyesha mwenyewe."

Jumamosi alikuja na kaptura yake ya shambani, miguu mitupu. Jabiri alimwonyesha vyuma mara moja. Ndeti alikwamisha kimoja kwenye ufa, akakivuta kwa uzito wake wote, akakitoa, akakigeuza, akakikwamisha vizuri kuliko nilivyowahi kufanya. "Hiki ni kitu kizuri," akasema. "Baba angekipenda." Kisha akajifunga kamba, mimi nikaizungusha upande wa pili kiunoni mwangu, naye akanigeukia.

"Shemeji, una neno nami?"

Mimi ni mtu wa chuo. Nilikuwa nimeandika insha ya kurasa kumi kuhusu desturi zinazopaswa kuhifadhiwa na zile za kuachwa. Swali lile nililiona kama sala ya kabla ya chakula, unaitikia ili watu wale.

"Sina," nikasema. "Panda."

Jabiri alirudi nyuma hadi kwenye jiwe moja kubwa ili aone vizuri. Kutoka pale alimwona Ndeti mzima, lakini mimi aliniona mgongo tu.

Sitaeleza sana jinsi alivyopanda, kwa sababu inaniuma hadi leo. Hakukuwa na haraka wala nguvu. Aliingiza ngumi ndani ya ufa, akaikunja, akainuka juu yake kama mtu anayeinuka kitini. Mahali niliposimama dakika kumi nikitafuta pa kushika, yeye alisimama akajikuna shingo. Alifika Kitambini. Akakwamisha chuma, akapitisha kamba, akachungulia juu ya Kitambi, akaingiza mkono wa kushoto mahali ambapo sikuwahi kuona kwamba pana mahali. Nilisikia Jabiri akisema polepole, "Wallahi, anapita."

"Legeza!" Ndeti akaita. Alitaka kamba ili ainuke.

Nilisikia vizuri. Kamba ilikuwa imenizunguka kiunoni na mkono wangu wa kulia umeifumba. Kazi yangu ilikuwa kufumbua mkono, basi, jambo ambalo mtoto mchanga hulifanya akisinzia.

Sikuufumbua.

"Legeza, shemeji!"

Ni muda gani? Pumzi mbili, tatu. Sikuwa nimekusudia, ningeapa hivyo, lakini pia sikuwa nimesahau. Niliutazama mkono wangu umefumba na nikauacha ulivyo. Ndeti aliinuka, kamba ikamvuta kiunoni kurudi chini, vidole vya kushoto vikachomoka, naye akaanguka futi kumi hivi, akapiga jiwe kwa ubavu. Hapo ndipo mkono wangu uliposhika kweli. Chuma chake hakikutoka.

Nilimshusha. Nyama ya kiganja cha kushoto ilikuwa imechubuka, na kidole cha kati kilikuwa kimeanza kuvimba kwenye kiungo.

"Imekuwaje?" Jabiri alikuja akikimbia. "Ulikuwa umeshapita!"

"Kamba ilikwama," nikasema. "Kwenye ufa, pale chini. Nilivuta ikakataa."

Jabiri aliutazama ufa. Ndeti alinitazama mimi. Alinitazama tu, kama anavyotazama mawingu, kisha akainama akaanza kufungua fundo kwa mkono mmoja.

"Kamba hukwama," akasema.

Sikulala vizuri, lakini nisijisifu: nusu ya kukosa usingizi kwangu ilikuwa hesabu. Jabiri alipaswa kurudi Nairobi Jumatatu. Kidole cha Ndeti hakingepona kwa siku moja. Jumapili ilikuwa yangu peke yangu. Na mahali pale pa mkono wa kushoto, sasa nilikuwa nimepaona.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda mwambani na Jabiri. Ndeti alikuja pia, na Muthoki pamoja naye, bado wamevaa nguo za kanisani, Muthoki na tumbo lake la miezi sita na kitambaa cha maua kichwani. Ndeti alikuwa amefungwa kidole kwa kipande cha shati.

Jabiri akachukua kamba ili anishikie. Nikamwambia, "Hapana. Ndeti ashike."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni baya kila mara. Nilitaka awe chini. Nilitaka awe ndiye anayelegeza kamba huku mimi nikipita, ahisi kila futi ikimtoka mikononi.

"Kidole je?" Jabiri akauliza.

"Kinachoshika ni mkono wa kulia," Ndeti akasema. Akavua koti lake la kanisani, akampa mke wake, akaizungusha kamba kiunoni. Nikavuta viatu vyangu vikabana, nikaweka mkono kwenye ufa.

"Shemeji," akasema nyuma yangu. "Hujauliza."

"Kuuliza nini?"

"Anayepanda huuliza."

Nilikuwa nimedhani swali ni lao, linamhusu Ndeti na mkonge wake na nyuki wake. Mtu wa kamba ya nailoni sikudhani kwamba linanihusu. Lakini nilikuwa nimemchagua mwenyewe anishikie, na mwenye kushika alikuwa mbele yangu akingoja, na mke wake alikuwa akingoja, na Jabiri alikuwa ameegemea jiwe akitabasamu kwa sababu aliipenda desturi ile tangu jana yake.

"Uliza, bwana," Jabiri akasema. "Ukiwa kwa watu, fuata ya watu."

Nikautoa mkono kwenye ufa, nikamgeukia Ndeti. "Una neno nami?"

"Ninalo," Ndeti akasema.

Hakupaza sauti. Ndege walikuwa wakipiga kelele juu ya jiwe na nilitamani wapige zaidi.

"Jana kamba haikukwama. Niliita mara mbili, ukaishika. Nilihisi mkono wako. Kamba iliyokwama inavuta kama jiwe, haipumui. Ile ilikuwa inapumua."

Tabasamu la Jabiri likafutika. Muthoki alilishusha koti la mume wake kutoka mkononi, polepole, hadi likagusa majani.

"Mutunga," akasema. "Ni kweli?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa bingwa wa midahalo shule nzima. Lakini kiunoni nilikuwa nimefungwa kamba, na ncha ya pili iko kwa mtu niliyetaka kumdanganya, na nilijua atanihisi.

"Ni kweli," nikasema. "Haikukwama."

"Kwani ulitaka nizae mtoto nikiwa nimevaa nguo nyeusi?" Muthoki akauliza. "Wewe ndugu yangu? Wewe ndiye unawekwa hapo kwa ajili yangu! Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu!" Akageuka akaenda akakaa mbali, ametupa mgongo.

Jabiri alikitoa kitabu mfukoni, akakiangalia kana kwamba kimelowa. "Unajua nikiandika hili hushiki tena kamba ya mtu Nairobi. Hata mimi sijui kama nitakupa yangu."

"Usiandike," Ndeti akasema. "Limesemwa."

"Klabu ina sheria zake, ndugu Ndeti."

"Na jiwe hili lina zake, lilikuwa nazo kabla ya klabu yenu. Limesemwa, limekwisha." Akanigeukia. "Haya, nimekushika. Panda."

Nilipanda. Sijawahi kushikiwa kamba vile, kabla ya siku ile wala baadaye. Sikuhitaji kuita hata mara moja. Nikiinua mkono, kamba ilikuwa tayari imelegea. Nikisita, ilikuwa tayari imekaza kidogo, kama mtu anayekushika kiwiko ukivuka mto. Sikuwa na kisingizio kilichobaki duniani. Nilifika Kitambini, nikaingiza vidole vyangu virefu mahali pale pa kushoto, na havikukaa. Pale panataka kidole kifupi, kinene, kinachojaa. Changu kilizunguka humo ndani kama ufunguo wa nyumba ya mwingine. Nikaanguka. Ndeti akanidaka bila hata kutikisika.

Jabiri hakuandika kitu. Aliahirisha safari yake, akaenda kukaa kwao Kitui, akarudi baada ya siku kumi na tano, kidole kilipopona. Katika siku hizo Muthoki alinipa chakula bila kunisemesha. Mimi nilikwenda shambani kwa Ndeti kila asubuhi, tukakata miba ya ua, na yeye alizungumza nami kama zamani, habari za mbuzi na mchwa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mtu akikusamehe haraka hivyo unaona alivyo mkubwa, na ukubwa wake ukawa kitu kingine cha kuonea wivu.

Siku ilipofika, Jabiri alinyoosha mkono achukue kamba. Ndeti akasema hapana, mshika kamba wake ni mmoja.

"Huyu?" Jabiri akasema. "Ndugu yangu, na wewe una kichwa kigumu kuliko hilo jiwe."

"Mke wangu ana ndugu mmoja tu," Ndeti akajibu. "Ningekuwa na wa kuchagua, ningechagua." Jabiri akacheka bila kutaka, na hata Muthoki, aliyekuwa amekuja kusimamia kwa macho yake, aliuma mdomo.

Kisha Ndeti akaniuliza swali lile.

"Ninalo," nikasema.

Nililisema lote. Nilisema nakuonea wivu tangu tukichunga mbuzi. Nakuonea wivu kwa mwana-mbuzi wa mchungaji na kwa upande wa magharibi. Nilipata barua ya chuo kikuu na wageni wakasifu asali yako. Nilikwenda Nairobi kujifunza kitu chako ili nije kukuchukulia. Nimehutubia watu kuhusu nchi yetu na majina yetu, na nilipoona jina la kwanza litakuwa lako, mkono wangu ukafumba. Nilisema sitaki upite leo. Nitakushika vizuri, kwa uwezo wangu wote, lakini sitaki upite, na ukipita sitafurahi.

Ndeti alijikuna nyuma ya sikio.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Hayo nilikuwa nayajua, wewe. Nilidhani kuna jipya." Akatema mate viganjani, akaviweka kwenye ufa.

Nikamlegezea. Kila futi niliyompa niliihisi ikipita kiunoni mwangu ikiwa na moto, na sikumnyima hata moja. Alipofika Kitambini Muthoki alisimama karibu nami hivi kwamba nilisikia pumzi yake, macho yake hayako kwa mume wake, yako kwenye mkono wangu wa kulia. Ndeti aliingiza kidole. Sikungoja aite. Nikafumbua mkono, nikampa futi tatu, nne, akainuka, goti likapita Kitambi, mguu ukapita, nyayo zake zikapotea, na kamba ikaendelea kwenda, kwenda, hadi ikasimama. Kisha sauti yake ikatoka juu kabisa, nyembamba, akiniita nimfuate.

Nilimfuata, yeye akinishika kutoka juu. Kitambini alinivuta, sina haja ya kuficha, alinivuta kama gunia la mbaazi. Nilipotokeza kichwa juu nilimkuta amekaa amenyoosha miguu.

"Kule shambani kwa mama yako mbuzi wameingia kwenye kunde," akasema. "Nimepiga kelele hadi nimechoka."

Chini, Jabiri alinipa kitabu na kalamu, kwa kuwa mwandiko wake ni kama wa daktari na mimi naandika vizuri. Akamwuliza Ndeti jina la njia. Nililimeza Mwamko langu nikangoja.

"Jina gani?" Ndeti akasema. "Ni ufa. Andika Ufa."

"Hilo si jina!" nikasema. "Watu watasoma hiki kitabu miaka mia moja. Sema kitu chenye maana, cha watu wetu..."

"Ufa ni wa watu wetu. Hata wewe unauita hivyo." Akachukua koti lake kwa Muthoki, wakaanza kuteremka upesi kuwahi kunde za mama.

Nikaandika. Ufa, Ivia ya Nzuki, tarehe. Mwenye kuongoza: Ndeti Ndululu. Mwenye kufuata: Mutunga Mulei. Jabiri akachungulia begani mwangu, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Mbona jina lake umelibana hivi kwenye pembe, na lako limelala kama ng'ombe? Kata, bwana. Andika tena."

Nikakata. Nikaandika tena, herufi kubwa, polepole, jina lake kwanza.